Marehemu Baba Alikuwa Anakoroma Kwenye Difu

Baba alikuwa ameshazikwa alipoanza kukoroma chini ya kiti cha nyuma cha gari lake.

Msinicheke. Au chekeni, lakini subirini kwanza mjue wa kuchekwa ni nani.

Ilikuwa mchana kweupe. Tulikuwa tunatoka kuangalia kama saruji ya kaburi imekauka. Kaka yangu mkubwa, anayeitwa Jemedari, alikuwa kwenye usukani. Mama kakaa mbele. Mimi na shangazi, dada wa marehemu, tuko nyuma tumebanana na maua yaliyobaki.

Tulipofika kwenye ile lami nzuri inayopita kando ya ukuta wa makaburi, Jemedari akakanyaga mafuta.

Likaanza.

Mmmmmm... hrrrrr... mmmmmm...

Sauti nzito, ya kiume, inapanda na kushuka. Inatoka chini, inapita kwenye kiti, inakupanda mgongoni. Jemedari akaachia mafuta. Sauti ikafifia kama mtu anayegeuka upande wa pili kitandani. Akakanyaga tena. Ikarudi.

Shangazi akanishika paja kwa kucha zote.

"Ndugu yangu!" akapiga yowe. "Huyo ni ndugu yangu! Simamisha gari!"

Jemedari akasimamisha. Mwanaume ana kifua kama kabati la vyombo, anachungulia chini ya kiti chake.

Mama akashusha kioo. Akatazama mbele, akatazama ule ukuta, kisha akasema taratibu:

"Ni yeye. Ndivyo alivyokuwa anakoroma."

Basi. Kuanzia hapo familia yangu ikaaga akili zake, zikaondoka bila hata kubeba begi.

Sasa niwaeleze mimi ni nani, maana kuna mtu ataanza kusema "wewe unajua nini?"

Mimi ni fundi wa magari. Mwanamke, ndiyo. Nina gereji yangu nyuma ya kituo cha mafuta, wateja wananiita Mama Spana na jina limeniganda. Nimekaa darasani, nimekaa chini ya magari, nimeunguzwa na mafuta ya moto, nimetukanwa na watu walioleta magari yao mabovu kana kwamba niliyaharibu mimi. Sauti za magari nazijua kama mama mwenye mtoto mchanga anavyojua kilio cha njaa na kilio cha usingizi.

Na ile haikuwa sauti ya baba. Ilikuwa sauti ya ujinga.

Baba alikuwa dereva wa malori maisha yake yote. Alipostaafu akabaki na gari moja la kazi, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Gari la zamani, lenye adabu, halina makuu. Lilikuwa linawaka likiambiwa, linasimama likiambiwa. Alikuwa analiosha mwenyewe kwa kitambaa cha shati lake kuukuu.

Akaugua, akafa.

Kabla hata viti vya msiba havijarudishwa vilikoazimwa, Jemedari alikuwa ameshatia funguo za gari mfukoni.

"Mimi ndiye mkubwa," akasema.

Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Muulize kwa nini kachukua gari: mimi ndiye mkubwa. Muulize kwa nini kachukua paja la kuku: mimi ndiye mkubwa. Ukimuuliza saa ngapi sasa hivi nadhani atakujibu hivyohivyo.

Jina la Jemedari alipewa na kikundi chake, Wazee wa Tope. Ni watu wazima na vitambi vyao. Kila Jumamosi wanavaa fulana zinazofanana, wanapeleka magari bondeni, wanayakwamisha kwa makusudi, halafu wanapongezana kwa kuyakwamua.

Siku moja nilimuuliza, "Kwani matatizo ya bure yamewapungukia nyumbani?"

Akasema mimi sielewi mambo ya wanaume.

Hao ndio walioliinua gari la baba. Wakalinyanyua juu hadi likawa kama mbuzi aliyesimama kwenye jiwe. Matairi ya trekta. Taa juu ya paa, nyingi, utadhani wanakwenda kutafuta meli iliyozama. Mama, kwa miguu yake ya kuvimba, ikabidi apandishwe kwa stuli ya jikoni huku mtu anamsukuma kwa nyuma.

"Linapendeza, mama, eeh?" Jemedari anauliza.

"Linapendeza," mama anajibu, anahema.

Sasa sikilizeni, habari ya ufundi nitaieleza mara moja tu, sitairudia.

Kuna bomba refu chini ya gari, linaitwa propela. Linapeleka nguvu kutoka giaboksi, huku mbele, hadi kwenye difu ya nyuma, lile dubwana la mviringo lililo katikati ya ekseli. Ukiinua gari, propela inasimama wima zaidi, kama ngazi. Ndiyo maana watu huishusha giaboksi kidogo. Lakini mkia wa giaboksi ukiinama, pua ya difu, pale propela inapoingilia, nayo lazima inyanyuke kwa kiasi kilekile, ili viwili hivyo vilale sambamba. Visipolingana, propela inazunguka kwa kurukaruka. Inatetemeka. Inalia. Inakula krosi zake, vile viungo vya huku na huku, hadi siku moja vinakatika.

Cha kunyanyulia pua ni kabari. Kipande cha chuma, upande mmoja mnene, upande mmoja mwembamba, kinakaa kati ya springi na ekseli. Ukikiweka sawa, pua inapanda.

Wazee wa Tope walinunua kabari nzuri kabisa. Wakaziweka.

Kinyume.

Pua ya difu ikainama chini kama mbwa anayenusa mfupa.

Na eti walipima! Nilipomuuliza Jemedari, akaniambia kwa majigambo kwamba walipima kwa kifaa. Nikamuuliza walipima vipi. Kumbe walipima gari likiwa limeinuliwa kwa jeki, matairi yananing'inia hewani. Ndugu zangu, hiyo ni sawa na fundi cherehani kukupima kiuno ukiwa umebebwa mgongoni. Gari linapimwa likiwa limesimama kwa miguu yake, uzito wake wote uko kwenye springi. Mtoto wa mwaka wa kwanza wa ufundi anajua.

Na kwa nini lilikoroma makaburini tu? Shangazi alikuwa na jibu lake. Langu ni hili: barabara zote nyingine za mtaani kwetu ni mashimo. Pale kwenye ukuta wa makaburi ndipo pekee ambapo gari linaweza kufikia mwendo wa kutosha propela ianze kulia.

Nikawaambia. Nikawachorea hadi kwenye vumbi la kioo cha nyuma kwa kidole.

Jemedari akanitazama kwa huruma. "Wewe kila kitu kwako ni spana. Kuna mambo makubwa kuliko spana."

"Hili ni dogo kuliko spana, kaka. Ni kabari."

"Usimtukane baba."

Nikamgeukia mama. Yeye angalau ana akili, nikajua ataniunga mkono. Mama akanishika mkono.

"Liache tu, mwanangu," akasema. "Halimdhuru mtu."

Nikamhurumia. Nikasema msiba umemlemea mama yangu, ameanza kusikia watu kwenye vyuma.

Basi gari likawa kama mahali pa ibada. Shangazi akawa anakuja kila jioni kabla ya jua kuzama, anaomba azungushwe. Wakifika kwenye ukuta anainama, anaweka sikio kwenye kiti, anampa marehemu habari za mtaa. Nani kaolewa. Nani kaachwa. Nani bado hajarudisha sufuria lake. Wazee wa Tope nao wakaja na fulana zao, wakapanda wote, wakavua kofia gari liliposhika mwendo. Mmoja alilia! Mtu mzima, kitambi kinacheza kwa kwikwi, analilia kabari aliyoiweka kinyume kwa mikono yake mwenyewe.

Na Jemedari akawa anasema "shikamoo baba" kwenye sakafu ya gari.

Mimi nilikuwa natazama nje ya dirisha nisije nikapasuka.

Lakini jambo moja lilibadilika, na ndilo lenye uzito. Jambo la nyumba.

Maana Jemedari alikuwa na mpango. Nyumba ya baba na mama, ile waliyojenga wenyewe tofali kwa tofali, iuzwe. Mama ahamie kwake, kwenye kile chumba cha uani kilichokuwa stoo ya matairi. Aliutangaza kwenye kikao cha familia, amesimama, mikono nyuma, kama anakagua gwaride.

Mama alisema, "Mimi hapa napapenda."

Jemedari akasema, "Ni uchungu tu, mama. Utazoea."

Shangazi akaitikia. Mimi nilisema haraka ya nini, wakaniambia niwaachie wakubwa, nikabeba mkoba wangu nikaenda kazini. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole.

Halafu gari likaanza kukoroma.

Na mama akasema maneno mengine machache, siku moja wakati wanapita kwenye ukuta. Alisema, "Baba yenu alikuwa akikoroma hivi akilala na jambo moyoni. Sijui ni jambo gani."

Jemedari akaganda. Akamwambia mnunuzi asubiri kwanza.

Mimi, Mama Spana, mwenye masikio yanayosikia valvu iliyolegea kutoka ng'ambo ya barabara, sikusikia chochote kwenye maneno yale. Niliona tu watu wazima wanaendeshwa na propela.

Siku ya siku, ilikuwa zamu ya mama kwenda kliniki ya presha. Jemedari hakuwa na nafasi, akaniachia gari. Tulipopita makaburini nikasikia kitu kipya. Kukoroma kulikuwa na meno. Kiti kinatetemeka, kioo cha pembeni kinatikisika hadi huoni nyuma.

Nilipofika kliniki nikamshusha mama, nikatandika gazeti, nikaingia chini na tochi.

Nikaisogeza tochi karibu.

Krosi ya nyuma ilikuwa kavu, inamwaga unga mwekundu wa kutu. Sili ya difu, ule mpira wa kuzuia oili, inavuja. Ukishika propela na kuitikisa, inacheza kama jino la mtoto. Ikikatika kwenye mwendo, lile bomba linaanguka, linapiga sakafu, na anayekaa juu ya sakafu ni mama yangu na shangazi yangu na sikio lake.

Nikasema basi. Mzimu huyu atawatia wengine kaburini.

Nilipomrudisha mama nyumbani nilimwambia Jemedari kwa simu gari lina matope, nitaliosha nimrudishie kesho. Akafurahi. Akaniagiza nisitumie sabuni kali, baba hakupenda.

Nikaliingiza gereji. Nikalisimamisha kwenye sakafu iliyo sawa, kwa miguu yake. Nikabandika kipimo chenye sumaku kwenye mkia wa giaboksi, nikasoma. Nikabandika kwenye pua ya difu, nikasoma. Nikacheka peke yangu kwa sauti hadi jirani yangu wa kuziba pancha akauliza kuna nini.

"Kuna marehemu," nikamjibu.

Nikaegemeza ekseli kwenye stendi, nikafungua zile bolti za springi, nikatoa kabari, nikazigeuza. Sekunde tu, yaani. Kuzigeuza ni sekunde. Kilichobaki ni jasho. Nikabadilisha krosi zote mbili, nikaweka sili mpya, nikapaka grisi. Nikashusha gari chini, nikalitikisa springi zikae, nikapima upya. Pua imepanda, imelingana na mkia. Nikaiacha chini kidogo sana, kiduchu tu, kwa sababu ukikanyaga mafuta springi hujipinda na pua hupanda yenyewe. Hayo hayaelezwi kwenye fulana za Wazee wa Tope.

Nikalipeleka makaburini.

Nikakanyaga.

Kimya. Upepo tu na matairi. Nikakanyaga zaidi. Kimya kitamu, kama maji.

Niseme ukweli, nilijisikia mkubwa kuliko Jemedari na kikosi chake chote. Nilimwonea hata marehemu fahari. Nikasema, baba, lala sasa, mwanao amekutoa aibu.

Jumapili tukapakiana. Jemedari, mama, shangazi na mimi. Nilikuwa nimekaa nyuma nasubiri, tabasamu nimelibana shavuni.

Ukuta wa makaburi ukatokea. Jemedari akasema shikamoo yake. Akakanyaga.

Hakuna kitu.

Akakanyaga zaidi. Hakuna.

Shangazi akainama, akaweka sikio. Akainuka, machozi yanamtoka. "Amelala," akanong'ona. "Ndugu yangu amepumzika."

Nikafungua mdomo niseme zile sentensi zangu nilizozitayarisha, za kabari na pua na watu wasiojua kupima. Jemedari akaniwahi.

Alipiga usukani kwa kiganja, uso unang'aa.

"Ameridhika!" akasema. "Mnaona? Baba ameridhika! Jambo lililokuwa moyoni limekwisha. Amekubali nyumba iuzwe!"

Akatoa simu hapohapo, gari linatembea, akampigia mnunuzi. "Njoo kesho mchana, mzee. Mambo yamekuwa mepesi."

Kabari zangu na pua zangu zikaniishia mdomoni.

Mama hakumtazama yeye. Aligeuka tu kutoka kiti cha mbele, akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Hata nilipokuwa mdogo nikavunja redio.

Tulipofika nyumbani nikamfuata jikoni. Alikuwa anaosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa visafi.

"Umelitengeneza," akasema bila kugeuka.

"Ndiyo, mama. Lilikuwa hatari. Krosi ilikuwa inakatika, sili inavuja, na kabari—"

"Kabari ziliwekwa kinyume. Najua."

Nikashika ukingo wa meza.

"Unajua?"

Akageuka, mikono inachuruzika maji. "Nimekaa kwenye kiti cha abiria cha lori la baba yako tangu sina mtoto. Nimelala porini na yeye propela imeanguka barabarani. Nimemshikia tochi. Leo nisijue krosi inavyolia?"

"Lakini ulisema ni baba! Ulisema ndivyo alivyokuwa anakoroma!"

"Baba yako," mama akasema, "hakuwahi kukoroma hata siku moja. Mwenye kukoroma ndani ya nyumba hii ni mimi."

Na ni kweli. Ni kweli kabisa! Sote tulikua tunasikia ukoromaji wa mama ukipita ukutani. Tulikuwa tunamtania. Lakini gari lilipolia, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Shangazi, aliyelala na huyo ndugu yake chumba kimoja utoto wao wote, hakukumbuka. Mimi mwenye masikio ya dhahabu sikukumbuka.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nilisema sitaki kuhama, mkaniambia ni uchungu. Nikasema tena jikoni hapa, shangazi yako akaniambia, wifi, vijana wana maono. Nikakupigia wewe. Ukasema una mteja, utanipigia. Gari likalia mara moja tu, kila mtu akasimamisha shughuli zake."

Akafuta mikono kwenye kanga.

"Ya nini nilinyamazishe? Nilikwambia liache."

Ndugu msomaji, nimewahi kudondokewa na jeki mguuni. Haikuuma hivyo.

Nilijaribu kurekebisha. Nikasema nitamweleza Jemedari ukweli, na ukweli utamzuia. Ona akili yangu ilivyokuwa fupi.

Kesho yake mnunuzi alikuja, amevaa shati safi, kaletewa chai. Jemedari kasimama katikati ya sebule, mikono nyuma. Shangazi yupo. Mama kakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Nikasema, "Kabla hamjaendelea. Gari halikunyamaza lenyewe. Mimi ndiye niliyelinyamazisha. Niligeuza kabari. Hakukuwa na baba mle ndani, kulikuwa na difu iliyoinamishwa pua na Wazee wa Tope."

Nikatoa zile krosi za zamani mfukoni, nikaziweka mezani, karibu na sukari. Zilimwaga kutu kwenye kitambaa.

Shangazi akashika kifua. Jemedari akazitazama. Akazigeuza kwa kidole. Nikaona anafikiri, na kwa Jemedari hilo ni jambo la kuonekana kwa macho, kama mtu anayesukuma kabati.

Kisha akatabasamu.

"Kwa hiyo," akasema, "baba hakuwahi kupinga?"

"Nini?"

"Kama hakuwa baba, basi hakuna aliyewahi kupinga. Nimewaweka watu wote hawa wakisubiri bure! Mzee, karibu, tuendelee."

Mnaona huyo mtu? Gari likilia, ni lake kuamua maana yake. Likinyamaza, baba amekubali. Ikijulikana ni chuma, baba hakukataa. Jambo lilalie upande wowote, yeye ndiye mkubwa. Nilitaka kumtwanga na ile krosi.

Mnunuzi akaweka kikombe chini. "Mama naye yuko tayari?" akauliza, na alimuuliza Jemedari.

"Yuko tayari," Jemedari akajibu.

"Namuuliza mama mwenyewe," akasema yule mzee, sasa amegeuka. Nadhani aliona aibu kwa namna alivyouliza mwanzo. "Mama, uko tayari?"



Mama akasimama. Alisimama polepole, kwa ile miguu yake, na hakuna aliyemsukuma wala kumshika.

"Siko tayari," akasema. "Na sitakuwa tayari. Nyumba hii niliibebea maji ya kukandia udongo nikiwa na mimba ya huyu anayejiita mkubwa. Nilisema nikiwa nimekaa, hawakusikia. Nikasema nikiwa nalia, wakasema ni uchungu. Basi nikawaachia gari liseme. Gari walilisikiliza! Walilivulia kofia! Waliliamkia shikamoo! Mimi niliyewazaa, mwenye mdomo, mwenye ulimi, nimekaa kwenye kiti cha mbele cha gari hilohilo, hakuna aliyenigeukia akaniuliza, mama, unataka nini?"

"Mama, mimi nilikuwa..." Jemedari akaanza.

"Wewe ulikuwa unaongea na sakafu."

Mnunuzi alikuwa ameshasimama. Akachukua kofia yake. "Kijana," akamwambia Jemedari, "mimi nauza misumari na mabati. Sinunui nyumba ambayo mwenyewe yumo ndani anasema hapana." Akamwinamia mama. "Chai ilikuwa nzuri, mama. Unisamehe kwa usumbufu."

Akatoka. Tukasikia geti.

Shangazi alijaribu kusema kitu kuhusu vijana na maono. Mama akamwambia, "Wifi, nenda kapumzike. Umeongea sana na difu." Akaenda.

Jemedari alikaa pale muda mrefu, anazigeuza zile krosi, kutu imemjaa vidole. Sikumhurumia, na bado simhurumii. Alipoondoka hakuaga.

Alikaa bila kuja kwa muda mrefu. Fulana ya Wazee wa Tope nasikia hakuivaa tena, maana yule aliyelia siku ile aliwasimulia wenzake kwamba marehemu alikuwa kabari tu, na wakaanza kumwita Mzee wa Shikamoo. Wanaume hao! Waliweka kabari kinyume wote, lakini wa kuchekwa wakamchagua mmoja.

Siku aliporudi alikuja kwa miguu. Mama alikuwa anamwagilia maua mbele ya nyumba. Jemedari akasimama mbali kidogo, kama mgeni, akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mama, unahitaji nini?"

Mama aliinama tena kwenye maua. Akamalizia ndoo.

"Bomba la jikoni linadondosha maji," akasema.

Jemedari akavua viatu, akaingia. Aliharibu lile bomba kabisa, jiko likafurika, ikabidi nije na spana zangu nilitengeneze. Lakini alikuwa amepiga magoti kwenye maji, mama kasimama juu yake anamwelekeza, na kila alichoambiwa alifanya.

Sasa somo, kwa wanaopenda masomo.

Watu wengi husema sikiliza wazee wako. Mnasema tu. Mzee akisema kwa mdomo mnasema anadeka, anachanganyikiwa, ana uchungu. Paa likilia, mti ukianguka, gari likikoroma, mnakaa chini na kutafuta maana. Mnamtafuta mzazi wenu kwenye vyuma na huku kakaa mbele yenu, chai inampoa mkononi.

Na kwa sisi mafundi, tunaojua kila mlio unatoka wapi: kujua unakotoka si kazi yote. Muulize na aliyekaa karibu nao kwa nini anauacha ulie.

Kama mama yako yuko hai, usinijibu hapa chini. Mpigie. Na akianza kusema, nyamaza.